Kuni za Karamu ya Historia

Ulipita pale uwanjani na sahani yako ya nyama, ukaona moshi, ukageuza uso. Siku ya kuadhimisha historia ya mji, kamati ilichoma nyama kwa mbao za banda la kunyolea kondoo, zile ambazo kila mnyoaji alichonga jina lake juu yake msimu wake wa mwisho.

"Karibu nyama, dada," mwenyekiti wa kamati alimwambia Nasike, binti wa mnyoaji mmoja, midomo iking'aa mafuta. "Zilishaoza mbao hizo. Historia iko kwenye bango lile."

"Umegeuza jina la baba yangu kuni?"

Nasike akatia mkono motoni, akachomoa ubao uliobaki na herufi tatu za jina la baba yake, akaukumbatia ungali unafuka.

Mbao sita bado ziko kando ya jiko. Weka sahani hiyo chini, ukazichukue sasa.