Nakala za Mlimani

Alfajiri mafuriko yaliingia chumba cha kompyuta cha hospitali ya mji, na kulipopambazuka seva zote zilikuwa zimelala majini. Mwanahija, fundi wao, hakwenda hata kuzitazama. Alipanda moja kwa moja hadi jengo la mlimani, ambako nakala za mitambo hiyo zilihifadhiwa kwa dharura. Hakuna aliyewahi kuziwasha.

"Washa zote kwa pamoja!" alihimiza Bwana Kitunga, mkuu wake, aliyekuwa amemfuata mbio, jasho likimtiririka.

"Zitakwama, bosi. Tuanze na yenye kumbukumbu za wagonjwa, nyingine zitaifuata."

Simu ikalia. Alikuwa Nesi Fausta wa wodi ya wazazi.

"Shoga yangu, kuna mama anangojewa chumba cha upasuaji. Anasema kuna dawa ya usingizi inayomdhuru, lakini jina halikumbuki. Liko kwenye faili lake."

"Usikate simu," alisema Mwanahija, akabonyeza kitufe cha kuwasha.

Nakala ya kwanza, yenye kumbukumbu za wagonjwa, ikaamka. Ya pili, ya kuiunganisha na wodi, ikasita, alama ya kusubiri ikazunguka na kuzunguka kwenye skrini, kisha nayo ikaamka.

"Faili limefunguka huku!" Fausta alipiga kelele simuni. "Nimeliona jina lake! Na dawa yenyewe hii hapa! Daktari, hii tusimpe!"

Bwana Kitunga akaanza kucheza katikati ya nyaya, tai ikimpepea begani.

Fausta alisahau kukata simu. Mwanahija akabaki ameibana sikioni, akisikiliza magurudumu ya kitanda yakikimbia kwenye korido kuelekea chumba cha upasuaji, na sauti ya yule mama ikiuliza kitu kilichowachekesha wote.