Mvua ya Leo Inaitwaje?

"Rudia," alisema Mahealani kutoka mlangoni.

Nohea alikuwa amesimama pekupeku chini ya ngazi, mvua ikimdondokea kisogoni kutoka ukingo wa paa. Viatu vyake vipya vilikuwa mwisho wa safu ndefu ya ndala kando ya ukuta. Hii ilikuwa mara ya kwanza kukataliwa.

Sheria za darasa la sayansi zilibandikwa mlangoni, naye alikuwa amezikariri wiki nzima. Viatu nje. Kiingereza nacho kinabaki nje na viatu. Ndani ni Kihawaii tu, hata ukiungua kidole. Na kubwa kuliko zote: haingii mtu mpaka aimbe oli, wimbo wa kuomba mlango, na walio ndani wamjibu.

Alikuwa ameanza vizuri, kisha akateleza kwenye ngazi na kuomba radhi kwa Kiingereza. Darasa zima likaguna, "Uuuwi!"

"Chumba kile hakina mchezo," mkuu wa shule alikuwa amemwonya jana. "Wakikujibu kabla ya kengele ya pili, basi wewe ni wao. Wasipokujibu, nitakutafutia nafasi kule upande wa Kiingereza."

Nohea hakuutaka upande wa Kiingereza. Maisha yake yote alisoma kwa Kiingereza, huko Las Vegas, na Kihawaii chake alikipata kwa bibi kwenye simu, kila Jumapili, neno baada ya neno. Asubuhi hii mama yake alikuwa amempiga picha mlangoni, akalia kidogo, akamchomekea ua sikioni.

Zilibaki dakika sita.

Akavuta pumzi, akaimba tena. Akautaja mlima, akayataja maji, akalitaja jina lake na la bibi yake. Sauti ilitoka tumboni, kama alivyofundishwa. Alipofika mahali pa kuitaja mvua ya siku hiyo, maana kwa Wahawaii kila mvua ina jina lake, akaitaja kwa madaha ile aliyoijua tangu utotoni.

Mtu akacheka dirishani.

"Jamani, hiyo mvua ya Mānoa!" alisema Makoa, mtundu wa dirishani. "Imepanda ndege kuja Hilo?"

"Na mizigo yake!" mwingine akadakia.

"Nyamazeni," alisema Mahealani. Alisimama kizingitini, mikono kifuani, miwani ya maabara ameipandisha kwenye paji la uso. Nohea ilimbidi ainue kichwa kumtazama. "Hiyo ni mvua ya wapi, mgeni?"

"Ya Mānoa, kisiwa kile kingine. Kwa bibi yangu."

"Hapa ni wapi?"

"Hilo."

"Basi mvua ya leo inaitwaje?"

Nohea aligeuka kuitazama mvua. Zilibaki dakika mbili. Angeweza kubahatisha, majina mengine mawili matatu aliyakumbuka. Watoto ishirini waliovaa makoti meupe walimtazama, wamebana vicheko.

Badala ya kubahatisha, akautoa mkono nje ya paa.

"Matone ni madogo," alisema taratibu, kwa Kihawaii cha kupapasa. "Yana baridi. Yanakuja kwa mshazari kutoka baharini." Akainamisha sikio kuelekea ule mti wenye maua mekundu uwanjani. "Yakigonga maua yanalia. Ukisikiliza vizuri, yanalia. Lakini jina lake silijui. Nikilitaja nitakuwa nawadanganya."

Hakuna aliyecheka. Kengele ya pili ikaanza kulia, na Nohea akainama kuviokota viatu vyake.

"Kanilehua," alisema Makoa kutoka dirishani, polepole, safari hii bila utani. "Inaitwa Kanilehua. Ni hiyohiyo inayoliza maua."

Mahealani aligeuka, akawatazama watoto mmoja mmoja. Kisha akashusha mikono, akavuta pumzi, na sauti yake ikaanza wimbo wa kukaribisha. Wote ishirini wakaidaka. Meza zilitetemeka, na hata mkuu wa shule, aliyekuwa anapita koridoni na faili zake, akasimama. Ingia, waliimba, ingia, ndani kuna joto.

Nohea aliingia macho yakiwa yamelowa, na si kwa mvua.

Mahealani akashuka kizingitini. Kichwa chake kikamfika Nohea kifuani. Akamshika mkono, akampitisha katikati ya meza hadi mbele kabisa, akamkabidhi kalamu ya ubaoni.

"Karibu, Mwalimu," alisema. "Mimi ndiye monita. Tuko ishirini na mmoja, na Makoa hajafanya kazi ya nyumbani."