Kipande Chenye Kidonge

Nilipotoka kunawa mikono, nilimkuta mama mkwe jikoni anatafuna.

Kwenye kisahani nilikuwa nimeacha vipande vitatu vya nyama. Ndani ya kimoja nilikuwa nimeficha kidonge cha mbwa, antibiotiki aliyoandikiwa na daktari wa mifugo kwa ajili ya kidonda cha mguu. Sasa kisahani kilikuwa kitupu, na mbwa alikuwa anajilamba pua.

“Mama, umekula vingapi?”

“Kimoja tu, mwanangu. Viwili nimempa huyu, maana alinikodolea macho. Mbona hukutia chumvi?”

“Hukuhisi kitu kigumu?”

“Kwa meno haya? Kila kitu ni kigumu.”

Dawa hiyo ni ya jamii ya penisilini. Mwaka jana penisilini ilimvimbisha mama uso mpaka macho yakafumbana, tukamkimbiza hospitali. Nikabaki nimesimama na pakiti mkononi, sijui hata nianzie wapi. Nimpe mbwa kidonge kingine? Na kama ameshakimeza kile?

“Mbona umeduwaa hivyo?” aliuliza mama, huku akijikuna shingo.

“Vaa viatu, mama. Twende.”