Kiti cha Maisha

Jaji wetu hakuwa na rafiki serikalini, hakuwa na shamba la kupewa zawadi, hakuwa hata na mwavuli wa maana. Wala hakuwa na wa kumfukuza kazi: kiti chake kilikuwa cha maisha, na wakubwa aliowaudhi kwa hukumu zake waliishia kununa.

Asubuhi ile, katika kesi iliyoweza kumpeleka kijana mmoja kitanzini, aliagiza shahidi wa utetezi aitwe.

"Alishamaliza ushahidi wake jana, Mheshimiwa," nikasema, mimi karani wake.

Mama mmoja akasimama kwenye benchi la nyuma. "Ni mimi, baba. Nililia, ukanipa maji kwa glasi yako."

Jaji akamtazama, kisha akaitazama glasi kwa muda mrefu. Hakumkumbuka.

Ofisini alivua joho. Nikamwambia, "Ni uchovu tu, Mheshimiwa. Na nani atakuondoa?"

"Hakuna. Ndiyo maana nimebaki mimi wa kujiondoa."

Akaandika kwamba anajiuzulu, na kesi ya kijana yule ianze upya mbele ya jaji mwingine. Akalamba bahasha, akaibana kwa kiganja.

"Ipeleke sasa hivi, mzee mwenzangu, kabla sijasahau."

Nilikuwa nimeshavaa kofia. Nikaivua mbele yake, nikaondoka na barua.