Maji ya Kunawa

Kabla ya alfajiri mfuniko wa birika ulianza kugonga, na Bi Zainabu akashukuru kitandani: kuna aliyemtangulia jikoni. Wahudumu wake wa zamani wote walikwenda kufanya kazi kwenye hoteli za ng'ambo. Alikuwa amenuia kuifunga nyumba yake ya wageni mwisho wa mwezi, ndipo chuo cha ufundi kikamletea mwanafunzi wake, Tunu, kwa majaribio.

Mgeni alikuwa mmoja tu, Mzee Kitwana, aliyemzika mdogo wake jana. Tunu alimwandalia uma, kisu na kitambaa kilichokunjwa vizuri, kama alivyofunzwa. Mzee aliviangalia tu.

Tunu akaviondoa taratibu. Akaleta maji ya uvuguvugu, akamnawisha, kisha akaketi na kumega chapati.

"Tule, babu. Mfiwa hali peke yake."

Mzee akala, hata akaomba chai ya pili.

"Chuoni wanafundisha hivyo?" Bi Zainabu alimnong'oneza Tunu.

"Mwalimu anasema tumtazame mgeni kwanza, bibi, ndipo tutazame meza."

"Mungu ampe umri mwalimu wako."

Mlangoni Bi Zainabu alimpa mzee mkoba wake. "Arobaini utakuja, kaka?"

"Nikijaaliwa."

"Basi fikia hapa hapa. Utatukuta."