Hodi ya Bahari

Tangu serikali iipe bahari sauti, hakuna nyumba ya ukingoni inayomezwa bila kubishiwa hodi. Mawimbi yakishachimba mwamba hadi chini ya sakafu, kifaa kilichofungwa mwambani hupiga hodi ukutani. Mwenye nyumba akinyamaza, atabaki kwa hatari yake mwenyewe. Akijibu "karibu," amekubali kuhama siku hiyohiyo na kuiachia bahari nyumba.

Riziki alimsihi mamake, Bi Tatu, ajizuie. "Mama, ukisikia hodi, kaa kimya."

"Hata akija jirani?"

"Hata jirani."

"Basi watasema nimekuwa mchoyo uzeeni!"

Walicheka. Lakini Riziki alizaliwa katika nyumba hiyo ya ukingoni, na humo ndimo alimomuuguza babake mpaka mwisho. Kila alfajiri aliswali, akamwomba Mungu aushikilie mwamba. Maji yakijaa, wimbi lilipiga chini yao na vikombe vikatetemeka kabatini.

Asubuhi moja, walipokuwa wakikaanga maandazi, ukuta ulisema kwa upole, "Hodi, wenyewe."

Riziki alimtazama mamake, akatikisa kichwa. Bi Tatu alifuta unga mikononi, akamshika binti yake shavu.

"Najua si jirani, mwanangu. Lakini wewe hutaondoka hapa mpaka mimi niseme."

Akaugeukia ukuta. "Karibu."

Mafuta yaliendelea kuchemka. Kisha sauti ileile ikauliza, kwa adabu zote za mgeni, "Ahsante, mama. Mko wangapi humo ndani?"