Bobini Mfukoni mwa Ansbert

Demetria alikung'uta shati la mumewe kabla ya kulitumbukiza kwenye beseni, na bobini ikadondoka. Ikabingirika sakafuni mpaka chini ya cherehani, kama inayojua kwao. Lakini haikuwa ya kwake. Aliipapasa tu, akajua. Bobini zake zote ni za chuma. Hii ilikuwa ya plastiki, nyepesi, imejaa uzi aliouona mweusi.

Sasa karani mstaafu, mtu asiyejua hata kurudishia kifungo, bobini anaitoa wapi? Amekaa karibu na cherehani. Na cherehani ina mwenyewe. Demetria alijiuliza na kujijibu akiwa amechuchumaa pale pale, povu likimkaukia mikononi.

Tangu waoane hakuna fundi mwingine aliyewahi kumpima Ansbert kiuno. Angekuwa ni mwanamke tu, Demetria angelia, angeita wazee wa ukoo kutoka Bukoba, na mwisho huenda angesamehe. Lakini fundi! Hapo ndipo alipoumia hasa.

Akaanza kukumbuka. Zamani wateja walifuata nguo zao wenyewe hapa hapa Tegeta. Siku hizi Ansbert ndiye anayezipeleka, eti ananyoosha miguu. Anatoka na begi asubuhi, anarudi jioni akipiga mluzi. Miguu gani hiyo inayonyooshwa kutwa nzima? Tena upole umemzidi. Kila asubuhi anamtungia uzi kwenye sindano bila kuombwa, kwa kuwa Demetria ameshalalamika sana kwamba sindano za siku hizi zina matundu madogo, na kwamba hata taa zinazouzwa sasa hazina mwanga. Mwanaume akiwa mpole namna hiyo, ana jambo.

Na haya yanamtokea wakati kazi yake inasifiwa kuliko miaka yote! Recho wa kwaya alikuja mwenyewe kumshukuru kwa sare za Pasaka.

"Mama Edgar, mshono umenyooka utadhani wa msichana! Na hizi nyingine tunakuletea wewe tu."

Fundi mwenye mkono kama huo, halafu mumewe anakwenda kupimwa nje.

Asubuhi iliyofuata Ansbert alipanda bodaboda na begi lake la sare za kwaya. Demetria alisubiri kidogo, akajifunga kitenge, akaita bajaji.

"Mfuate yule mzee."

"Yupi, mama? Mwenye kofia?"

"Huyo huyo," alisema Demetria, ambaye mbele yake aliona vumbi tu.

"Kakata kona ya Goba," dereva alisema, akikanyaga mafuta. "Samahani, mama, huyu tunamfuata au tunamfumania?"

"We endesha."

Walisimama kwenye mteremko, mbali kidogo na kibanda kimoja cha bati. Dereva sasa alikuwa ameingia kwenye kesi kwa moyo wote.

"Kaingia na begi. Tulia, mama... Anatoka. Mikono mitupu! Kaelekea kijiwe cha kahawa."

Demetria alishuka akiwa na nia ya kuvunja vitu. Alipokaribia mlango, ufundi ukamshinda. Alitaka kwanza kuujua mshono wa huyo mwanamke. Akaamua kuingia kama mteja.

"Hodi humu."

"Karibu, mama! Shikamoo. Mie naitwa Vaileth, karibu sana."

"Marahaba," Demetria alijibu kwa shida. Alimsogelea karibu na kumkagua kuanzia kilemba mpaka kandambili, akatafuta ubaya. Binti alikuwa mnene, mchangamfu, na hakuonyesha aibu yoyote. Alikuwa anafumua gauni harakaharaka, na mengine yamerundikwa pembeni yake.

"Kaa hapo kidogo, mama. Namalizia kazi ya watu, wanaitaka kesho."

"Inatakiwa kesho, na wewe ndiyo kwanza unafumua?"

Vaileth akacheka. "Acha tu, mama. Hebu shika uone."

Demetria akapokea gauni, akapitisha kidole kwenye mshono polepole, kama alivyozoea. Mshono ulipanda, ukashuka, ukaliacha pindo na kwenda kutembea peke yake. Moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza tangu ile bobini idondoke. Kumbe mwenzake hajui kitu! Ansbert atarudi nyumbani mwenyewe, tena kwa magoti, suruali ikiwa imemwachia matakoni.

"Mwanangu," alisema, na furaha ikamponyoka, "aliyeshona hivi asiruhusiwe kugusa cherehani tena."

"Usiseme hivyo, mama yangu." Vaileth alilichukua gauni, akaendelea kufumua. "Huyo si mtu wa mchezo. Sie tulipokuwa tunajifunza, nguo zake ndizo tulizokuwa tunafumua tuone zimeshonwaje. Macho ndiyo yamemwishia. Hapa juu kapitisha uzi wa damu ya mzee, kwenye bobini kaweka kijani, hajui. Mumewe ndiye ananileteaga. Mie nafumua, narudia, yeye anawapelekea wenyewe. Hata bobini ya rangi hii ya damu ya mzee nilimpa iwe sampuli akanitafutie uzi, kaipoteza, mzee wa watu."

Vaileth akakata uzi kwa meno, akainua uso na kutabasamu.

"Ila kaniapisha nisimwambie mtu. Haya, mama, na wewe tukushonee nini?"